Vitu vya Moto

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za nyumbani. Nimeomba nisimame sasa hivi, kabla sufuria hazijafunuliwa, kwa sababu nawafahamu watu wa Isingiro. Sufuria ikishafunuliwa hapa, hata ningekuwa nimefufuka kaburini hakuna ambaye angegeuka kunitazama. Vumilieni kidogo. Harufu mnaisikia, na chakula hakikimbii.

Kwa wageni ambao hawanijui, mimi ni Speransia. Wengine wananiita Mama Jovina, na kule Nkwenda sokoni wananiita Spe tu. Mume wangu ni Evodi, yule pale anayejifanya anafunga kamba za viatu ili asitazamwe. Nina mgahawa Nkwenda, jirani na wanunuzi wa kahawa na maharage. Mgahawa hauna jina. Watu wakiwa na njaa wanasema twende kwa Spe, basi.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kelele. Sisemi kwa kujisifu, majirani zangu watashuhudia. Nilikuwa nikicheka jikoni, madereva wa malori ya Uganda wanageuka barabarani kuangalia kuna nini. Nilikuwa na mwili wangu mzuri wa kujaza kitenge. Na nilikuwa naonja. Kila sufuria niliionja, mchuzi, maharage, karanga, mpaka chai. Mpishi asiyeonja anapika kwa kubahatisha, na mimi sijawahi kubahatisha.

Jambo moja wageni walijue ili wanielewe mbele. Kwetu huku chakula ni ndizi. Mtu anaweza kula wali, akaongeza chapati, akashushia na maharage, halafu ukimwuliza kama amekula anakujibu bado. Mama mkwe wangu, huyu hapa mbele aliyevaa kanga mpya, ana imani hiyo kuliko sisi wote. Kwake viazi ni vya kumsubirisha mgeni wakati ndizi zinachemka. Papai ni kitu cha watoto wanaotoka shule. Nimemwomba ruhusa nisimulie yote, pamoja na yanayomhusu. Akaniambia, "Simulia, lakini usisahau kusema kwamba na mimi nililila hilo papai." Sitasahau, mama.

Siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Nilipika ndizi za karanga na samaki mkavu wa ziwani. Watu walikuwa wengi, mteja mmoja akasema neno la kuchekesha kuhusu pikipiki yake, nami nikawa naonja huku nacheka. Mwiba ukapita. Ulisimama hapa, chini ya kidakatonge, ukakwama.

Jamani, ukitaka kujua kwamba kila Mtanzania ni daktari, kwamwa na mwiba mbele ya wateja. Mmoja alisema nipigwe mgongoni. Mwingine alisema niinue mkono wa kushoto nitazame juu. Mwingine akasema ninywe siki. Lakini wote walikubaliana juu ya tonge. "Meza tonge la ndizi bila kutafuna, Spe, litausukuma!" Nikameza. Nikameza jingine kubwa zaidi. Nilisikia kitu kinachanika ndani, na mate niliyotema yalikuwa na damu. Maumivu yakapungua kidogo, basi nikawaambia wote kwamba umeshuka. Walinipigia makofi, nikaendelea kupakua.

Haukuwa umeshuka. Siku zilizofuata nilianza kumeza kwa shida. Kwanza ugali ulikataa, halafu ndizi, halafu hata chai ya vuguvugu ilinitoa machozi. Shingo ikavimba upande wa kulia, ikawa ngumu na inawaka. Homa ikaja na baridi yake. Mate sikuweza kuyameza tena, nikawa natembea na kopo la kutemea, na yale mate yalikuwa yananuka kitu kilichooza. Sauti ikakauka. Mimi niliyekuwa nasikika barabarani nikawa naongea na mume wangu kwa vidole.

Evodi alikodi gari, tukaenda hospitali kubwa upande wa Karagwe. Daktari alinimulika, akanishika shingo, uso wake ukabadilika. "Mama, kuna jipu ndani ya shingo," alisema. "Likikua zaidi litaziba njia ya hewa. Tunalipasua leo." Nilitaka kuuliza kama nitapona. Sauti haikutoka, nikamshika mkono wa koti. Alielewa, akaniambia, "Umewahi. Umewahi kidogo tu, lakini umewahi."

Walinipasua. Walitoa usaha, Evodi anasema ungejaza kikombe, na mwiba wenyewe wakautoa, mweusi kama sindano iliyoungua. Kovu ni hili hapa, sogea uone kama huamini. Walinipitishia mpira puani, uji na maziwa vikawa vinapita humo moja kwa moja bila mimi kujua ladha yake. Nililala hivyo, nikichomwa sindano asubuhi na jioni, mpaka homa ikashuka na shingo ikalainika. Mpira ukatolewa.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwa bado mlegevu, nasinzia kila mara. Evodi alikuwa nje anatafuta gari. Daktari akaja kutoa maagizo, na aliyekuwepo kuyapokea alikuwa mama mkwe, ambaye ndiye aliyeniuguza. Nilisikia sauti zao kana kwamba ziko upande wa pili wa ukuta. Mama mkwe alikuwa anaitikia kwa adabu, "Nimesikia, daktari. Nimesikia."

Tulipofika nyumbani alituketisha wote akatoa agizo. "Daktari amesema mpaka atakapomwona tena, Spe asile vitu vya moto. Vilaini tu, na visiwe vya moto. Kilichopita motoni kisipite kooni mwake."

Evodi akauliza, "Hata uji, mama?"

"Uji unapikwa wapi, mtoni?"

"Na mchuzi?"

"Evodi, mchuzi unakaa juu ya nini?"

Hakuna aliyeuliza tena. Mama mkwe ndiye aliyesimama na daktari. Mimi mwenyewe niliona lina maana. Koo limepasuliwa, labda kitu kilichopikwa kinalichokoza, nani anajua? Hapo ndipo nilipoanza maisha ya kula vibichi.

Asubuhi nililetewa bakuli la papai lililopondwa na kuchujwa. Mchana papai. Jioni parachichi lililopondwa, na nilipolala niliota papai. Kila nikimeza ilikuwa kama nameza kokoto lenye kona. Nilitumia nusu siku kumaliza bakuli. Kitenge nilichokuwa nakijaza sasa kilinizunguka mara mbili. Na wakati huohuo mnajua nyumba ya Kinyambo inavyonuka mchana: ndizi zimefunikwa kwa majani, maharage yanachemka, samli inayeyuka. Nililala chumbani nikilia kwa sababu ya harufu ya maharage.

Nawaambia ukweli, hofu ya kufa niliiacha hospitali. Hofu yangu nyumbani ilikuwa nyingine. Niliogopa kwamba nitabaki hivi, mtu wa kumeza majimaji, na kwamba sitaonja tena. Mgahawa ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nawaza, mpishi asiyeweza kuonja ni nani? Ni mtu anayekaa karibu na jiko, basi.

Sasa nafika mahali nilipoahidi. Ile siku ya kwanza ya papai, niliona mama mkwe ameingia na mabakuli mawili. Nikamwonyesha kwa kidole, hili jingine la nini? Akaketi kwenye kigoda chake, akasema, "Ni langu. Nitakulaje ndizi mbele yako? Nitakuwa nameza ndizi au nameza macho yako?" Akala papai. Mwanamke huyu ambaye hajawahi kukiri kwamba tunda ni chakula alikula papai na mimi, kila siku, tangu mwanzo mpaka mwisho. Ila kila jioni alikuwa anapangusa mdomo na kutangaza, "Haya. Leo nayo tumeshinda bila kula."

Aliyetuokoa ni Bi Mwanaidi. Simama, Bi Mwanaidi, watu wakuone. Ana duka la viungo Nkwenda. Babu yake alitoka Pangani akifuata biashara, akaoa huku na hakurudi. Kiswahili cha Bi Mwanaidi kimenyooka, sisi wengine tunakipindapinda tu. Alikuja kunitazama akiwa na tende kwenye kifuko. Akaangalia bakuli langu, akaangalia la mama mkwe.

"Asubuhi mlikula nini?"

"Papai," mama mkwe akajibu kwa niaba yangu.

"Na jana?"

"Papai."

Bi Mwanaidi akaweka mkono kiunoni. "Sasa Spe, mwanangu, wewe mpishi wa namna gani? Umekatazwa moto. Kisu umekatazwa? Kinu umekatazwa? Chumvi imekatazwa? Amka hapo! Kesho nakuletea mbuzi yangu, tuanze kazi."

Alipoondoka, mama mkwe alikuwa na machozi. "Mbuzi mzima," alisema. "Na wala si ndugu yetu." Akamtuma Evodi kupigilia kigingi nyuma ya nyumba. Yeye mwenyewe akaenda kukata majani. Lakini kuna jambo lilimsumbua. Nyama haiwezekani bila moto. Maziwa nayo, nesi wa zahanati alikuwa ameshatuambia kwamba maziwa mabichi yana magonjwa yake na nisiyaguse kabisa. Mwishowe akaamua kwamba mbuzi atafungwa tu hapo, anenepe, mpaka nipone.

Kesho yake Bi Mwanaidi akafika na bodaboda, na kiroba. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa majani.

"Karibu, karibu sana. Mbuzi yuko wapi?"

"Si hii hapa!" Bi Mwanaidi akatoa kwenye kiroba kijibao cha kukunja chenye ulimi wa chuma.

Mama mkwe akakitazama juu na chini, akakizunguka. "Huyu," aliuliza taratibu, "kichwa chake kiko wapi?"

Jamani! Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Watu wa pwani ndivyo wanavyoiita, na sisi huku tulikuwa tumeshapigilia kigingi. Evodi alikaa chini kwenye matope. Bi Mwanaidi alishika mlango. Na mimi nikacheka. Kidonda kiliuma, shingo ilivuta, machozi yalitoka, lakini sauti ilitoka. Ilikuwa ya mikwaruzo, kama mlango usiopakwa mafuta, lakini ilikuwa yangu. Mama mkwe akatupa majani akaja kunishika uso. "Amecheka," alisema. "Mmemsikia? Amecheka!"

Tangu siku hiyo nilitoka kitandani. Bi Mwanaidi alikuna nazi, akakamua tui zito, tukapondea humo ndizi mbivu za kisukari na tende zilizolowekwa. Nilipoonja kijiko cha kwanza nilifumba macho. Ilikuwa na mafuta, ilikuwa na utamu, na iliteleza yenyewe kooni bila kokoto. Nikamwonyesha kwa mkono, chumvi kidogo. Akaongeza. Nikaonja tena. Hapo nilijua mpishi bado yumo ndani.

Basi nikaanza kupika bila moto. Nililoweka karanga mbichi mpaka zikalainika, nikazitwanga, nikachanganya na parachichi. Nilimenya matango nikayaparuza, nikakamua maji yake, nikayachanganya na asali ya nyuki wa hapahapa. Nanasi lilinichoma, nikaliacha. Ndimu ilinichoma zaidi, tone moja tu nikaruka, nikaiacha pia, lakini niliiambia tutaonana. Kila kidonda kilivyopungua ndivyo nilivyopunguza kutwanga. Nilianza na vya kunywa, nikaja kwenye vya kijiko, halafu vya kutafuna kidogo. Siku niliyoweza kumeza nyanya iliyokatwakatwa na giligilani, nilitoka nje kuwaambia majirani kama mtu aliyepata mtoto.

Nikagundua mambo ambayo mimi, mpishi wa miaka yote hii, sikuyajua. Sikujua kwamba boga changa likiparuzwa bichi lina utamu wa karanga. Sikujua kwamba kabichi ikipondwapondwa na chumvi kwa mikono inalegea kama imepikwa. Parachichi la Karagwe nimelizoea tangu utoto, lakini nilikuwa nalila na chumvi tu, kama mtu anayemiliki shamba zima na analima kona moja. Nililila na pasheni iliyochujwa. Nililila na tui, na asali, na nyanya, na kitunguu. Evodi alirudi shambani siku moja akaniona nimezungukwa na majani na mabakuli, akasema, "Kumbe mbuzi aliletwa kweli, na ndiye niliyemwoa." Jina likashika. Sokoni wakawa wanamwuliza, mbuzi wako leo anakula nini?

Majirani wakaanza kushindana. Huyu analeta zambarau, huyu karoti, huyu fenesi zima. Mzee Melkiori, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na ambaye shamba lake linapakana na letu, akaleta kibuyu cha omuramba, ile togwa ya ndizi mbivu iliyokamuliwa kwa nyasi, kabla haijachachuka kuwa pombe. Mama mkwe alifurahi kupita kiasi. Angalau ni ndizi! Akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakinusa. Halafu akasita.

"Melkiori, ndizi hizi uliziivishia wapi?"

"Shimoni, mama, kama kawaida."

"Shimo ulilipasha joto kwa kitu gani?"

Mzee akaona anakokwenda. "Kwa moto, mama. Moto mdogo tu wa majani."

"Moto mdogo nao ni moto." Akamrudishia kibuyu. Na Mzee Melkiori, Mungu ambariki, hakukasirika. Alikata mkungu mwingine, akauacha uive wenyewe taratibu ndani ya majani makavu, akatukamulia upya. Mpaka leo sijanywa kitu kitamu kama kile.

Ndivyo alivyonilinda. Wageni walipokuja na kahawa ya kutafuna, alinizuia mkono, kwa sababu ile inachemshwa kabla ya kukaushwa. Maji ya kunywa tu ndiyo aliyoyaruhusu yachemshwe, na sababu yake ni kwamba maji si chakula. Nilipomkumbusha kwamba hata papai kwake si chakula, aliniambia nimeanza kupona, kwa kuwa nimeanza ubishi.

Halafu ukaja msimu wa senene. Hapo nilijaribiwa. Nkwenda yote inakaanga senene, Isingiro yote inakaanga senene, upepo wenyewe una chumvi na mafuta. Evodi aliapa kwamba hatakula mwaka huo kwa ajili yangu. Siku mbili baadaye akaja kuniamkia, nikasikia pumzi yake. Nikamwambia afungue mdomo. Mguu wa senene ulikuwa umekaa kati ya meno. Alikuwa anakula migombani kama mwizi! Nilimcheka mpaka akaenda kumwomba msamaha mama yake badala ya kuniomba mimi. Lakini nilipokuwa peke yangu nilianza kuwaza. Nilikuwa nameza kachumbari vizuri, ndimu nayo nilikuwa nimepatana nayo, na bado kile nilichokiogopa kilikuwepo. Kitu kizito, tonge la ndizi, lile lililonipasua. Je, litapita? Kwa kweli nilikuwa nimeanza kulishukuru lile katazo, kwa sababu lilinipa sababu ya kutojaribu.

Tukarudi kwa daktari. Tulikwenda watatu, mimi, Evodi na mama mkwe. Daktari alinimulika, akaminya kovu, akaniambia nimeze mate, nimeze maji. Akatabasamu. "Limepona vizuri sana. Na uzito unarudi. Ulikuwa unakula nini?"

Mama mkwe akasogea mbele. Hii ilikuwa siku yake. "Daktari, nilishika neno lako. Hakugusa kitu cha moto. Tui, parachichi, karanga mbichi, matango, boga bichi, kabichi bichi, yote mabichi. Hata omuramba wa shimoni niliurudisha."

Daktari akamtazama, akanitazama mimi. "Mabichi? Kwa nini mabichi?"

"Wewe ulisema asile vitu vya moto."

Halafu daktari akaweka kalamu chini polepole. "Bibi," alisema, "nilisema asile vitu vya moto. Yaani vinavyounguza. Angeweza kula uji. Angeweza kula mchuzi. Angeweza kula ndizi zilizopondwa, mradi zimepoa!"

Mnaelewa? Kwetu, kwa Kinyambo, kitu kinachounguza ulimi kina neno lake, na omuriro ni moto wenyewe, ule wa kuni. Mama mkwe alisikia moto, akaona jiko. Akaona mafiga matatu na sufuria juu. Tangu hapo tumekula kama ndege, na ndizi zilizopoa zilikuwa mezani kwa Evodi kila siku!

Niligeuka kumwangalia mama mkwe. Alitazama miguu yake, akasema kwa sauti ndogo, "Spe, mwanangu. Nimekunyima chakula." Sijawahi kumwona hivyo, na moyo uliniuma kuliko ule mwiba. Nikamshika mikono. Nikamwambia, "Mama, wewe nawe umenyimwa. Tumenyimana pamoja." Akanitazama. Ikaanza tumboni, nikaiona inapanda, mabega yakatikisika, na mama mkwe wangu akacheka mpaka ikabidi ashikwe asianguke. Daktari naye alivua miwani kufuta macho. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni nje walidhani kuna msiba.

Tulipotulia daktari akasema, "Sasa nenda ukale ndizi. Tafuna vizuri, na zisikuunguze." Neno la mwisho alilisema kwa mama mkwe, taratibu, mara mbili.

Tukashuka mpaka Bugene, kuna mama anauza chakula kando ya barabara. Mama mkwe akaagiza sahani moja ya ndizi na maharage. Moshi ulikuwa unapanda. Akaipepea kwa upindo wa kanga, akaipepea, akaijaribu kwa mdomo wake mwenyewe, ndipo akanisogezea. Nilikata kipande kidogo. Nikatafuna mpaka kikawa uji, nikakizungusha mdomoni, nikaogopa kukiachia. Nikafumba macho nikameza.

Kilipita. Kilishuka taratibu, laini, mpaka chini, na hakikukwama mahali popote.

"Kimepita?" mama mkwe akauliza.

"Kimepita."

Nikakata kingine, nikamlisha yeye. Alikitafuna huku machozi yanamtoka, kipande chake cha kwanza tangu nilipoanza papai. Tukamaliza sahani, tukaagiza nyingine. Akapangusa mdomo, akatazama barabara, akasema kama alivyokuwa akisema kila jioni, ila safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Haya. Leo tumekula."

Mgahawa nimeufungua. Ndizi zipo, naonja kama zamani, nacheka kama zamani, ila nikionja samaki sicheki. Na pembeni naweka sahani nyingine ya vibichi, kila siku tofauti na ya jana, na wateja wameipa jina lao: mbuzi. Madereva wageni wanaagiza mbuzi wakitegemea nyama, wanaletewa boga, karoti na tui. Wengi wanakasirika kidogo, halafu wanarudi kesho yake kuiulizia.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sikuponywa na papai. Niliponywa na kisu cha daktari, na dawa, na kuwahi. Vibichi vilinirudishia hamu na mwili na kicheko, na hilo si dogo. Ukitaka kula vibichi, kula, lakini osha kwa maji safi yaliyochemshwa, maziwa chemsha, muhogo mchungu usiuguse. Mwiba ukikukwama, usimsikilize mteja, wala usimeze tonge. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukiwa kwa daktari, hata kama Kiswahili unakijua, uliza. Mwulize, daktari, ni moto upi?

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule na manesi. Nakushukuru Bi Mwanaidi na mbuzi yako isiyo na kichwa, Mzee Melkiori na kibuyu chako cha pili, Evodi na migomba yako. Na wewe, mama, uliyekula nisichokipenda ili nisikile peke yangu, sina neno. Nimekupikia ndizi.

Jovina, mwanangu, funua sufuria. Karibuni wote. Lakini jamani, hivi ni vitu vya moto. Ngojeni kwanza, mama avipepee.